Shungi la Utosini

Jua lilikuwa linazama Bi Kitana alipotoka saluni kwake, kikapu cha kazi mkononi. Machanuo matatu, kopo la mafuta, uzi mweusi, taulo. Alikuwa anakwenda kumsuka mteja nyumbani, jambo asilolipenda hata kidogo. Kichwa cha mtu, alizoea kusema, kije chenyewe kwenye kigoda. Kikianza kukuita wewe, jiulize kinataka nini.

Na Bi Kitana alikuwa mtu wa kujiuliza. Miaka hamsini na nane haikumpunguza. Ukimpa zawadi aliitazama chini kabla ya kuitazama juu. Mchumba wa bintiye mkubwa aliulizwa maswali mpaka akaomba maji, akapewa, akaulizwa kwa nini ana kiu. Majirani walisema Bi Kitana akilala hufumba jicho moja. Yeye alisema huo ni uongo, anafumba yote mawili, ila kwa zamu.

Jioni ile alikuwa na sababu. Aliyemwita ni Taa.

Nani asiyemjua Taa? Uso wake ulikuwa kwenye mabango, kwenye pakiti za sabuni, kwenye migongo ya mabasi. Asubuhi yuko redioni, jioni yuko kwenye televisheni. Watu walipenda anavyosema, walipenda anavyotembea, lakini zaidi ya yote walipenda kicheko chake. Watoto walikiigiza njiani. Walimwita Taa kwa kuwa akiingia mahali watu wote humgeukia, kama wadudu, na kama wadudu hawajui kwa nini.

Bi Kitana alimjua kabla hajawaka. Miaka kumi na tano nyuma aliitwa Fagio, msichana wa kufagia saluni. Hakuwa mzuri, hakuwa mbaya, hakuwa chochote. Sauti yake kama bawaba iliyokosa mafuta. Akisimama kando ya kabati ungeweza kumtundikia taulo kwa bahati mbaya, na iliwahi kutokea. Alifagia miaka miwili, siku moja asionekane, na mwaka uliofuata uso wake ukawa ukutani barabara kuu. Watu saluni walinong'ona kwamba ameiba nyota za wenzake. Bi Kitana aliwaambia wanyamaze, wanasukwa au wanapika uchawi? Lakini na yeye alijiuliza.

Sasa Taa alimtaka Kinanda.

Kinanda alikuwa mwanawe wa mwisho, miaka kumi na tisa. Alipewa jina hilo kwa kuwa aliimba tangu hajaota meno. Aliimba akiosha sufuria, akianika nguo, akitafuta kiatu. Hakumwimbia mtu, aliimba tu, kama wengine wanavyopumua. Wiki mbili zilizopita Taa alipita mtaani, gari lenye vioo vyeusi likasimama nje ya ua wao zaidi ya saa nzima, binti akiwa anafua. Kisha ujumbe ukaja. Binti aje akae kwake, atamfundisha, atamtoa, nchi nzima itamjua.

Tangu siku ile Kinanda aliacha kuimba juu ya sufuria. Aliimbia simu. Alijirekodi, akajitazama, akanuna, akafuta, akaanza upya.

Mama yake alimuuliza anataka nini hasa.

"Nijulikane, Mama."

"Na nani?"

"Na watu."

"Watu gani? Hawa unaowakwepa ukitumwa dukani?"

Kinanda akamwambia kwamba yeye hulishuku hata jua likichomoza. Wakabishana siku tatu, wakanuniana siku mbili, mwisho wakakubaliana. Taa alikuwa ameomba pia asukwe, na Bi Kitana mwenyewe, si msusi mwingine. Basi mama aende, aione nyumba, amwone mtu, arudi na jibu.

"Ukisema hapana, siendi," binti alimwambia mlangoni. "Lakini uwe umeona, Mama. Usiwe umeota."

Nyumba ilikuwa mwisho wa barabara, peke yake, ukuta mrefu kama wa ghala. Taa za nje zilikwisha washwa. Hakuna mbwa aliyebweka. Bi Kitana aligonga geti mara moja tu, na likafunguliwa kabla hajashusha mkono...

Mwanamke aliyefungua hakumtazama usoni. Aligeuka, akatangulia njiani. Bi Kitana akamfuata akikitazama kisogo chake, kwa mazoea. Msusi anaweza kusahau sura, visogo hasahau. Nyuma ya sikio la kulia palikuwa na kovu dogo la mviringo. Vidole vya Bi Kitana vililizunguka kovu lile miaka mingi.

"Vicheko?"

Mwanamke akasimama.

Alikuwa Vicheko kweli. Muuza vitambaa, mteja wa kila mwisho wa mwezi. Akicheka yule, hata waliokaa kwenye mashine za kukaushia, wasiosikia neno, walicheka naye. Halafu mwaka mmoja alinyamaza. Watu wakasema anaumwa, duka likafungwa, akahama. Na sasa yuko hapa, uso mkavu kama ukuta uliosahauliwa na rangi.

"Pita, Bi Kitana. Anakungoja."

"Wewe unafanya nini hapa?"

"Nakaa."

"Unakaa kama nani? Mpishi? Ndugu?"

Vicheko alifikiri, kama mtu aliyeulizwa tarehe. Akasogea karibu. Pumzi yake haikuwa na harufu yoyote.

"Nikikaa mbali naye sisikii kitu," alinong'ona. "Nikikaa karibu, nakisikia kidogo."

"Unasikia nini?"

Vicheko akaelekeza sikio ndani.

Kutoka ndani, mwisho wa ukumbi, mtu alicheka.

Bi Kitana alikisikia kicheko kile redioni mara nyingi, na kila mara kilimkera pasipo yeye kujua kwa nini. Redio hubana vitu. Sasa kilikuja kizima, bila redio kukibana. Kilianza chini, kikapanda, kikakatika katikati, kikamalizia na kwikwi ndogo.

Alikuwa amekisikia miaka tisa kwenye kigoda chake mwenyewe.

Akamgeukia Vicheko. Vicheko alikuwa amesimama palepale, midomo imefungwa, machozi yanamtoka bila uso kusogea.

Mtu mwingine angegeuka nyuma. Bi Kitana naye aligeuka, akatazama geti, akaona limefungwa. Na mbele alikuwa na swali la mwanawe. Akaingia.

Chumba kilikuwa kikubwa, kimejaa picha za Taa. Taa na wakubwa, Taa na maua, Taa na Taa. Televisheni ilikuwa imewashwa bila sauti, na ndani yake Taa alikuwa anacheka. Palinukia manukato ya bei. Lakini chini ya manukato kulikuwa na harufu nyingine, ile inayotoka pasi ya nywele inaposahauliwa...

Nywele zilizoungua.

Taa mwenyewe alikaa kwenye kigoda kifupi katikati ya chumba, mgongo mlangoni, kama mteja. Hakuamkia. Fagio alikuwa hajui kusoma vizuri, lakini kuamkia alijua.

"Umechelewa, Bi Mkubwa."

Sauti ilikuwa ya joto, yenye asali. Bi Kitana aliijua na hiyo. Ilikuwa ya mwalimu mmoja mjane, mteja wa zamani, ambaye siku hizi watu husema amekuwa bubu nusu, anaagiza mkate kwa kidole.

"Njia ndefu," alisema. Akatandika taulo mabegani mwa Taa. Vicheko alikaa chini pembeni, akiegemea ukuta, akimtazama.

Taa akavua nywele za bandia.

Bi Kitana alikuwa ameona vichwa vya kila namna: vya mapunye, vya kuungua dawa, vya wanawake waliojing'oa nywele kwa hasira za waume. Kichwa kama kile hakuwahi kukiona. Kilikuwa viraka. Hapa nywele laini za mtoto, hapa kipilipili kilichojikunja, hapa nyekundu nyekundu, hapa ngumu kama za brashi. Alidhani zimeshonwa. Akatia ncha ya chanuo chini ya kiraka kimoja ainue, atafute uzi.

Hapakuwa na uzi. Palikuwa na ngozi.

Zilikuwa zimeota.

Na kwenye shina la kila shungi palikuwa na fundo dogo la kuanzia. Kila msusi ana lake, kama mtu na sahihi yake. Hili lilizungushwa mara mbili kushoto, likapitishwa chini. Mama yake Bi Kitana ndiye aliyemfundisha, na mjini pote hapakuwa na mwingine aliyeanza vile.

Mkono uliozipanda ulikuwa wake.

Hapo kumbukumbu zikaja zenyewe, bila kuitwa. Mama yake alikuwa na sharti moja la kazi: nywele zilizodondoka kichwani kwa mteja zikusanywe, zifungwe kwenye karatasi, apewe mwenyewe aondoke nazo. Bi Kitana alilishika sharti hilo miaka mingi. Kisha wateja wakazidi, karatasi zikawa usumbufu, na Fagio akasema kwa adabu, Bi Mkubwa usijisumbue, niachie mimi. Akaachiwa. Jioni, saluni ikifungwa, Fagio aliomba na yeye asukwe kidogo, na nywele za kuongezea alileta mwenyewe, amezichambua kwenye taka, amezifua, amezichana. Bi Kitana alimsifu mbele za watu. Huyu hatupi kitu, alisema, huyu atafika mbali.

Amefika.

"Umeshaona," Taa alisema bila kugeuka. "Nilijua utaona. Vidole vyako havijazeeka."

"Nani alikufundisha?"

"Kuna mtu. Uso wake siukumbuki. Nakumbuka viganja tu, vilikuwa baridi, na havikuwa na mistari." Akatazama viganja vyake. "Aliniambia zinahitaji mkono wa msusi asiyejua anachofanya. Mkono wa kwanza kuzishika ndio huohuo daima. Nimejaribu wengine, Bi Mkubwa. Wanasuka usiku, asubuhi naamka nazo kwenye mto."

Bi Kitana aliendelea kuchana. Mtu akiogopa, afadhali mikono iwe na kazi. Akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa ya saluni, Taa alikuwa anatafuta nini hasa.

"Nilitaka niangaliwe. Basi. Mlikuwa mnanirukia miguu na fagio langu, mnaendelea na habari zenu. Siku moja ulinitundikia taulo."

"Ungesema 'mimi hapa'."

"Nilisema. Hukusikia."

Kwenye televisheni Taa mwingine alikuwa anatunzwa maua.

"Na sasa wanakuangalia," alisema Bi Kitana. "Umefurahi?"

Taa akacheka. Kule ukutani Vicheko akafumba macho, kama mtu aliyeguswa kidonda.

"Kicheko nimekipata," Taa alinong'ona. "Cha kuchekea sijapata. Wanapiga makofi ukumbi mzima, mimi nasikia kama mvua kwenye bati la jirani. Nimenunua nyumba hii, nikakaa vyumba vyote, kimoja kimoja, ningoje nione. Hakuna kitu. Nikadhani labda bado sijulikani vya kutosha, nikaongeza. Ndipo siku ile nikapita kwenu. Binti yako alikuwa anafua. Anaimba, hakuna anayemsikiliza, hana habari, mapovu mpaka kwenye viwiko... Nikalia ndani ya gari. Kile ndicho, Bi Mkubwa. Chake kile."

Akainua mkono, akagusa utosi wake.

Katikati ya viraka vyote palikuwa na duara tupu, upana wa mdomo wa kikombe. Ngozi yake iling'aa. Ilikuwa inapanda na kushuka, polepole, kama utosi wa mtoto mchanga.

Taa akafungua kitambaa kilichokuwa magotini, akapitisha juu ya bega shungi la nywele nyeusi. Bi Kitana hakuhitaji kulitazama. Alikichana kichwa cha mwanawe tangu siku ya kwanza. Lilinukia mafuta anayoyachanganya mwenyewe jikoni.

"Alinipa kwa mkono wake," Taa alisema. "Nilimtumia mtu, nikasema nataka kumbukumbu. Alifurahi."

"Ukishasukwa, yeye anakuwaje?"

Taa alielekeza kidole tu, ukutani, kwa Vicheko.

Kisha akayapanga maneno yake kama mtu aliyeyafanyia mazoezi. Bi Kitana akisuka, Taa hana haja tena na binti. Abaki kwao, apewe nafasi redioni azungumze, atajulikana kidogo, si ndicho anachotaka? Asiposuka, binti atakuja mwenyewe, kwa miguu yake, leo au mwakani. Na akishaingia humu, Taa ana nafasi ya kutosha ya kutafuta njia nyingine.

"Utamfungia mlango miaka mingapi, Bi Mkubwa?"

Bi Kitana alisimama na nywele za mwanawe kiganjani. Alijua jambo moja, kwamba shungi lile haliingii kwenye kichwa kile akiwa hai. Na jambo la pili, kwamba Taa lazima aamini limeingia.

"Inamisha kichwa," alisema.

Akaanza na uzi mweusi kutoka kikapuni. Alikata, akauweka juu ya utosi, akazungusha mara mbili kushoto...

Ngozi ikautema.

Ikautoa polepole, kama ulimi unavyosukuma mwiba wa samaki.

"Nini hicho?" Taa akauliza.

"Mkono umeteleza. Mafuta."

Ilitaka nywele za mtu. Bi Kitana akatupa jicho chumbani. Vicheko alikuwa mbali, na pale karibu palikuwa na kichwa kimoja tu kingine.

Chake.

Alijifikiria upesi, bila huruma, kama alivyowafikiria wengine. Sauti hana. Kicheko chake kama kikohozi. Mwendo, magoti yanauma. Uzuri, hata ujanani watu walikuwa wanamsifu viatu. Wanichukulie nini mimi, alisema moyoni, uzee? Wachukue, nawaongezea na magoti.

Akapenyeza mkono chini ya kilemba, akashika shungi nyuma ya sikio, lililopakwa rangi nyeusi wiki ileile. Akavuta.

Lilitoka na sauti ndogo. Taa akainua kichwa.

"Tulia," Bi Kitana alisema. "Ni chanuo limekwama."

Sasa shungi la Kinanda. Kikapu kilikuwa wazi, kitambaa kiko magotini kwa Taa, mfuko gauni lake halina. Vicheko alikuwa anamtazama moja kwa moja. Bi Kitana akamtazama na yeye. Kisha akaliweka shungi la mwanawe mdomoni, akaanza kulimeza.

Nywele hazimezeki. Zilishika kooni, zikajikunja, zikamtekenya mpaka machozi yakamtoka. Alibana pumzi. Vidole havikusimama.

"Umeanza?" Taa akauliza.

"Mm."

"Mbona hujibu vizuri?"

"Mm-mm."

Taa akageuza shingo. Alikuwa karibu kumwona.

"Ameshika uzi kwa meno," Vicheko alisema kutoka ukutani. Hayo tu.

Zikapita. Bi Kitana akavuta hewa, akaweka nywele zake mwenyewe juu ya duara lile linalopumua, akazungusha mara mbili kushoto, akapitisha chini.

Ngozi ikazipokea. Ikanyonya.

Hakuumia. Alihisi tu kitu kinang'oka ndani yake, mahali pa chini sana, kama jino la mtoto lililokuwa limelegea siku nyingi. Kisha pakawa wazi. Pakawa na upepo mzuri...

Alipomaliza, Taa alisikiliza ndani yake. Akageuka, akamtazama. Akatazama kikapu. Akamtazama Vicheko, akatazama mlango, akarudi kwake, macho yamefinywa.

"Mbona unatabasamu?" aliuliza.

Na kweli Bi Kitana alikuwa anatabasamu. Alijaribu kukumbuka alikuwa anaogopa nini, akaona aibu. Mwanamke wa watu, mpweke, amejaa huzuni, amemsimulia mambo yake yote, na yeye alikuja akitafuta kasoro. Akamuaga kwa heri, akamtakia mapumziko mema. Getini akamshika Vicheko mkono, akamwambia afadhali amepata mahali pazuri pa kukaa. Vicheko alimtazama kwa muda mrefu sana.

"Umetia nini pale, Bi Kitana?"

"Nywele, mwenzangu. Ningetia nini?"

Nyumbani, Kinanda alimngoja na swali lake. Mama yake akamwambia ameona nyumba nzuri na mtu mwema. Binti alikaa kitandani ghafla. Alikuwa amejiandaa kubishana, na hapakuwa na wa kubishana naye.

Siku zilizofuata mtaa ulimwona Bi Kitana mpya. Saluni ililala wazi mara mbili. Mtu mmoja, hajulikani ametoka wapi, aliomba aweke gunia lake nyuma ya saluni, akaruhusiwa bila kuulizwa lina nini, na gunia lile mchana lilikuwa linasogea kidogo. Mteja mmoja alimwambia kwa mzaha kwamba yeye mteja siku hizi ni mkunga; Bi Kitana akasadiki, akamwomba amtazame mkwewe. Wenzake wakacheka. Kinanda hakucheka. Alianza kufunga milango mwenyewe. Usiku aliamka kuhakikisha. Simu yake ililala bila kurekodi kitu, na sufuria nazo aliziosha kimya.

Taa naye alitoweka redioni. Wakasema amesimamisha vipindi, amebadilisha makufuli mara tatu, hali chakula mpaka mwingine aonje kwanza, anakaa ameupa ukuta mgongo. Bi Kitana aliposikia alisikitika sana. Akasema labda mafua.

Jumapili jioni gari lenye vioo vyeusi lilisimama mlangoni. Akashuka Vicheko.

Hakukaa. Alisema Taa amezifumua zote, moja moja, mbele ya dirisha, anatafuta iliyo ngeni. Zamani asingefikiria kutafuta. Ya utosini aliisugua kwa limau, rangi ikatoka, ikabaki nyeupe. Akakaa nayo mkononi mchana kutwa. Sasa hataki shungi tena.

"Amenituma nimchukue binti mwenyewe," Vicheko alisema. Alisema taratibu, neno baada ya neno, akimkodolea macho Bi Kitana, kama mtu anayemwonyesha mwenzake nyoka bila kunyoosha kidole. "Wewe wa zamani ungenifukuza na maji ya moto."

"Kwa nini nikufukuze?" Bi Kitana alishangaa. "Mtu ametuma gari mpaka mlangoni. Ni heshima hiyo."

Vicheko akainamisha kichwa. Alikuwa amefanya alichoweza, na kule alikotoka kulikuwa na kitu chake.

Kinanda alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Alikuwa amesikia kila neno.

"Mama," alisema. "Niende?"

"Si ulitaka wewe?"

"Nilitaka. Huniulizi narudi lini?"

"Utarudi ukipenda, mwanangu. Kwa watu wema mtu hahesabiwi siku."

Binti akavaa viatu polepole. Akavivua, akavivaa tena. Alitoka, akapita mbele ya Vicheko, akafika kwenye gari. Mlango wa nyuma ulikuwa tayari wazi, na ndani kulikuwa na giza na harufu ya manukato, na chini yake harufu nyingine...

Kinanda akasimama, mkono juu ya mlango. Akageuka.

Alimtazama mama yake kama alivyomtazama miaka yote kumi na tisa, kila alipotaka kitu: shingo imepinda kidogo, akingoja. Alikuwa anangoja neno moja, hapana. Alilichukia tangu utotoni, na sasa alikuwa analingoja.

Bi Kitana, uso wake umejaa furaha, akampungia mkono.